Safari ya kuifuata nuru: kutoka Paris hadi Geneva

Jumatatu, Paris

Safari hii nimeipanga kwa sababu ya swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha sita hawaachi kuliuliza, kama anayekwenda kwa kasi kubwa mno anaweza kuyarudia yaliyopita, na ambalo majibu yake yaliyosambaa mitandaoni yamevurugwa kupita kiasi. Yapo mambo mawili ya kweli. La kwanza ni kwamba kila tunachokiona kimekwisha kupita, kwa kuwa nuru huchukua muda kutufikia; la pili ni kwamba saa inayosafiri kwa kasi kubwa huenda polepole kuliko saa iliyobaki nyumbani. Watu huyakoroga mawili haya wakapata la tatu lisilo na ushahidi wowote, kwamba anayekimbia sana atarudi jana. Nimeona heri niende mahali mambo hayo yalipogunduliwa na yalipopimwa, nikifuatana na mpwa wangu anayesomea uhandisi hapa Paris, ambaye amepata ruhusa ya wiki moja na ambaye hakubali neno mpaka aone hesabu.

Tumeanzia kwenye Kituo cha Uchunguzi wa Anga cha Paris, jengo la mawe lililoko kusini mwa bustani ya Luxembourg, lililoanzishwa mwaka 1667 katika enzi ya Mfalme Louis XIV. Hapa ndipo Mdenmark Ole Rømer alipofanya kazi chini ya Giovanni Domenico Cassini, akifuatilia kupatwa kwa Io, mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii. Io huizunguka Mshtarii kwa saa 42 na nusu hivi na kila mara huingia katika kivuli chake, kwa hiyo ilitegemewa kuwa saa ya mbinguni isiyokosea. Lakini ilikosea, tena kwa utaratibu: dunia ilipokuwa ikijitenga na Mshtarii kupatwa kulichelewa, na ilipokuwa ikiisogelea kupatwa kuliwahi. Mwaka 1676 Rømer aliitangazia Akademia ya Sayansi kwamba tukio la tarehe 9 Novemba lingechelewa kwa dakika 10, na likachelewa kweli. Maelezo yake yalikuwa kwamba Io haina kosa lolote, ila habari yake husafirishwa na nuru, na nuru nayo ina mwendo wake.

Alikadiria kwamba nuru huhitaji dakika 22 kuuvuka upana wa njia ya dunia kulizunguka jua, ilhali hesabu ya leo ni dakika 16 na sekunde 38. Tofauti hiyo hainisumbui, na Cassini kutomkubalia ni jambo la kawaida kwa wakubwa wa kazi. Ninachokiona kikubwa ni kwamba tangu siku ile wakati wa kuona ulitenganishwa na wakati wa kutokea, na mtu akaweza kusema kwa dakika ni kiasi gani cha yaliyopita anachokitazama. Karibu na jengo hilo tulikuta kisahani cha shaba kimepigiliwa njiani, kikiwa na jina ARAGO na herufi N na S kuonyesha mstari wa longitudo ya Paris. François Arago, aliyekuwa mkuu wa kituo hiki, ndiye aliyependekeza mwaka 1838 kwamba nuru ipimwe hapahapa duniani, na pendekezo hilo ndilo linalotupeleka mahali pa kesho.

Jumanne, Paris

Asubuhi tumepanda Montmartre na kuelekeza macho magharibi, upande wa Suresnes, ambako mwaka 1849 Hippolyte Fizeau aliweka taa na gurudumu lenye meno 720. Mwali wa nuru ulipita katika pengo kati ya meno mawili, ukaja mpaka hapa Montmartre, ukagonga kioo na kurudi, mwendo wa mita 8,633 kila upande. Gurudumu lilipofikia mizunguko 12.6 kwa sekunde mwali haukuonekana tena, kwa sababu uliporudi ulikuta jino limekwisha kuziba pengo uliloondokea. Kwa hesabu hiyo Fizeau alipata kilomita 313,000 kwa sekunde. Léon Foucault, aliyetumia kioo kinachozunguka, alipata 298,000 mwaka 1862. Tangu mwaka 1983 kasi hiyo haipimwi tena, imetamkwa: ni mita 299,792,458 kwa sekunde kamili, na mita yenyewe ndiyo inayopimwa kwa nuru. Katika mtaa wa Vaugirard, namba 36, bado kipo kipimo cha mita kilichochongwa kwenye marumaru baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ili raia wajifunze urefu mpya. Mpwa wangu alikinyooshea mkono na kukuta kinamfika kutoka ncha ya vidole hadi bega la pili.

Tukiwa kwenye metro aliniuliza swali ambalo nilijua litakuja. “Mjomba, Luteni Nyirenda aliwasha mwenge juu ya Kilimanjaro Desemba 1961. Mwanga ule haujapotea, unaendelea kwenda. Je, aliye mbali anaweza kuuona sasa?” Nilimwambia kwamba kwa upande wa muda jibu ni ndiyo: sasa, mwishoni mwa Novemba 2024, mwanga wa usiku ule uko umbali wa karibu miaka ya nuru 63 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huupita kwa mwaka mmoja), na aliye hapo akitutazama leo anapokea Tanganyika ya siku ya Uhuru. Kwa upande wa kifaa mambo ni mengine. Ili kutenganisha kitu chenye upana wa mita 1 kutoka umbali huo, darubini ingehitaji kioo chenye kipenyo cha kilomita milioni 360 hivi, yaani zaidi ya mara 2 ya umbali kutoka duniani hadi kwenye jua. Aliitoa simu, akakokotoa upya kwa urefu wa wimbi wa nanomita 500, akapata hivyohivyo.

Basi akauliza kama sisi wenyewe tungeweza kuondoka leo tukaufukuzie mwanga ule, tujionee. Hapo ndipo maelezo ya mitandaoni yanapoharibikia. Mwanga umetutangulia kwa miaka 63, nao haupitwi na chombo chochote, kwa hiyo anayeondoka leo hataufikia kamwe. Wanaoweza kuyaona yaliyopita kwetu ni wale tu ambao tayari wako mbali, na hata wao hawawezi kuyagusa.

Jumatano, treni ya kwenda Bern kupitia Basel

Mvua imenyesha njia nzima. Treni hii hufika kilomita 320 kwa saa, na hata kama ingekwenda hivyo kwa saa 3 mfululizo, saa zetu za mkononi zingechelewa kwa chini ya nusu nanosekunde (nanosekunde ni sehemu 1 ya bilioni ya sekunde) kulinganisha na za walioachwa stesheni. Kiasi hicho hakikosi maana kwa kuwa ni kidogo. Mwezi Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizisafirisha kuizunguka dunia saa nne za atomu, zinazopima muda kwa atomu za metali iitwayo caesium, katika ndege za kawaida za abiria, mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Zilipolinganishwa na saa zilizobaki Washington, zile za mashariki zilikuwa zimepoteza nanosekunde 59 na zile za magharibi zimezidi kwa nanosekunde 273, kama nadharia ya Albert Einstein ilivyotarajia ndani ya mipaka ya kipimo. Mashariki na magharibi hutofautiana kwa sababu dunia yenyewe huzunguka kuelekea mashariki, na anayekwenda upande huo huongeza kasi yake juu ya kasi ya ardhi.

Mpwa wangu amelala tangu Dijon.

Alhamisi, Bern

Nyumba ya Kramgasse 49 ina ngazi nyembamba zinazojipinda, na ghorofa ya pili ndipo Albert Einstein alipoishi na mkewe Mileva na mtoto wao mchanga, mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 26 na kazi ya mtaalamu wa daraja la tatu katika ofisi ya hataza, yaani ya kusajili uvumbuzi. Vyumba ni vidogo na vimepambwa kwa samani za zama zile. Ukitoka na kufuata mtaa huo chini ya matao unafika mara moja kwenye mnara wa saa wa Zytglogge, ambako dakika chache kabla ya saa kugonga jogoo huwika, dubu hupita kwa mstari na mzee mwenye ndevu hupindua chupa ya mchanga. Watembeza wageni hupenda kusema kwamba mnara huu ndio uliompa wazo. Mimi natilia maanani zaidi mazungumzo yake na rafiki yake Michele Besso, ambaye ndiye peke yake aliyeshukuriwa mwishoni mwa makala ile iliyopokelewa na jarida la Annalen der Physik tarehe 30 Juni 1905.

Makala hiyo inaanza na dai moja gumu: kila mpimaji anayekwenda kwa mwendo usiobadilika ataipata kasi ileile ya nuru, awe ameifuata au ameikimbia. Ukilikubali hilo, basi wapimaji wawili wanaopishana hawawezi tena kukubaliana juu ya urefu wa sekunde. Ndani yake kuna pia utabiri kwamba saa iliyo kwenye ikweta itakwenda polepole kidogo kuliko iliyo kwenye ncha ya dunia. Utabiri huo una sura ya kuvutia kwetu sisi wa ikweta, lakini kwa usawa wa bahari hautimii. Mzunguko wa dunia ulioipa ikweta mwendo ndio pia uliolivimbisha tumbo la dunia, na kuwa mbali zaidi na kitovu chake huiharakisha saa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo saa ya ufukweni Kismayo na saa ya barafuni Aktiki huenda sawa. Einstein hakuwa na njia ya kulijua hilo mwaka 1905, kwani nadharia yake ya uvutano ilikamilika mwaka 1915.

Jioni tumekaa mkahawani tukaandika safari ya kubuni ya kwenda Vega, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 25, kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru. Kwa saa za duniani kwenda kunachukua miaka 25 na miezi 3. Kwa saa ya chomboni ni miaka 3 na nusu na ushei, kwa kuwa kwa kasi hiyo wakati hupungua mwendo mara 7. Mpwa wangu alitaka kujua tutakachokiona sisi tuliobaki tukiwa na darubini, na hapo ndipo mambo yale mawili yanapotengana waziwazi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Chombo kitafika Vega mwaka wa 25, lakini mwanga wa kufika kwake utatumia miaka 25 mingine kuturudia, kwa hiyo tutakiona kikifika mnamo mwaka wa 50. Na kama kitageuza papo hapo, chenyewe kitakuwa kinaufuata mwanga huo kwa karibu sana, kitatua nyumbani miezi 3 tu baadaye. Katika miezi hiyo 3 tutashuhudia miaka yote 3 na nusu ya safari ya kurudi ikipita haraka, abiria wakila, wakilala na kuota mvi kwa kasi mara 14 ya kawaida.

“Kwa hiyo wakati wao umekwenda mbio au polepole?” aliniuliza. Kwenda mbio ni kwa picha inayotufikia. Ukitoa muda ambao mwanga uliutumia njiani, kama Rømer alivyofundisha, kinachobaki ni kwamba saa zao zilikwenda polepole kwenda na kurudi. Wakishuka watakuwa wamezeeka kwa miaka 7, sisi kwa 50 na nusu. Kurefuka kwa wakati, yaani kule saa zao kwenda polepole, ndiko kunakobaki baada ya kuondoa ucheleweshaji wa nuru, na anayevileta viwili hivyo katika sentensi moja bila kuvitenga amekwisha kupotea. Nao wakirudi watakuwa wamefika wakati ujao, wala si uliopita.

Ijumaa, Jungfraujoch na Wengen

Tumepanda kwa treni ya meno kupitia Lauterbrunnen na Kleine Scheidegg, kisha ndani ya mlima kwa handaki la reli iliyokamilika mwaka 1912, hadi stesheni iliyo mita 3,454 juu ya bahari. Nauli yake inauma, na kichwa huanza kugonga kabla hujamaliza chai. Kwa urefu huu saa huizidi ile ya usawa wa bahari kwa nanosekunde 33 hivi kila siku, kwa kuwa uvutano umelegea kidogo. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni nanosekunde 55. Satelaiti za kuonyeshea njia, zilizo kilomita 20,200 juu, hupata mikrosekunde 45 (mikrosekunde ni sehemu 1 ya milioni ya sekunde) kwa siku kwa ajili ya urefu huo na kupoteza 7 kwa ajili ya mwendo wao, zinabaki 38. Zisiporekebishwa, ndani ya siku moja simu ya dereva wa bodaboda ingeweza kumweka kilomita 11 mbali na alipo.

Jungfraujoch kuna kituo cha utafiti tangu mwaka 1931, na miale ya anga, yaani chembe zenye kasi kubwa zitokazo mbali angani, ni mojawapo ya mambo yaliyochunguzwa hapa tangu awali. Miale hiyo ikigonga hewa kwa kimo cha kilomita 15 hivi huzaa chembe ziitwazo muoni, ambazo kwa wastani huishi mikrosekunde 2.2 tu. Hata zikienda kwa kasi ya nuru, katika muda huo zingepiga mita 660 zikaisha. Lakini huku chini kabisa, pwani, ukinyoosha kiganja, muoni mmoja hivi hukipita kila sekunde. Bruno Rossi na David Hall walizihesabu mwaka 1940 katika milima ya Colorado, juu na kisha chini, wakaona kwamba zile zenye kasi zaidi huishi muda mrefu zaidi, kama hesabu ya Bern ilivyodai. Nilimtaka mpwa wangu afungue mkono wake pale dirishani. Hakuhisi kitu, bila shaka, ila aliuacha wazi kwa muda akihesabu kimoyomoyo.

Usiku tumelala Wengen, kijiji kisichopitisha magari, na anga imetakata. Kilimia kimepanda upande wa mashariki, na Mshtarii inawaka chini yake kidogo kushoto. Mwanga wa Mshtarii una umri wa dakika 34 usiku huu. Mwanga wa Kilimia una miaka 440 na zaidi kidogo, maana yake uliondoka kule kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, na wakulima wa pwani waliokipima kilimo kwa nyota hizo walikuwa wakitazama mwanga mkongwe kuliko wao, kama sisi. Juu zaidi, karibu na utosi, lipo doa hafifu la galaksi ya Andromeda, ambalo huonekana vizuri ukilitazama kwa pembe ya jicho. Hilo ni la miaka milioni 2.5. Katika kipande kimoja cha anga, basi, vitu vitatu vimekaa pamoja vikiwa havikuwahi kuwa pamoja wakati mmoja, na macho hayana njia ya kuvitofautisha.

Jumamosi, Geneva

Tramu namba 18 hutoka stesheni kuu ya Geneva na kuishia mlangoni mwa CERN, maabara ya kuchunguza chembe za maada iliyoanzishwa mwaka 1954 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Maonyesho ni bure. Chini yetu, kama mita 100, ndimo lilimo handaki la duara la kilomita 27 ambamo protoni, chembe za ndani ya kiini cha atomu, mashine inapokuwa kazini, huzunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde. Nuru huzishinda kwa mita 3 tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Pengo hilo dogo halizibiki: kila nishati inayoongezwa hulipunguza kidogo, na haitakuwapo nishati itakayolimaliza.

Kwangu mimi, hata hivyo, kazi ya CERN inayogusa zaidi jambo letu ni ndogo na ya zamani. Katika miaka ya 1970 muoni zilifungiwa katika pete ya sumaku yenye kipenyo cha mita 14, zikizungushwa kwa asilimia 99.94 ya kasi ya nuru, na matokeo yalitangazwa mwaka 1977: uhai wake ulifika mikrosekunde 64, mara 29.3 ya kawaida, sawa na nadharia kwa usahihi wa sehemu 1 kati ya 1,000. Hapo hapakuwa na picha inayochelewa wala mwangwi wa nuru. Chembe zilizotembea ziliishi zaidi ya zile zilizotulia, basi.

Watu wa hapa wanakumbuka pia mwaka 2011, pale kundi la wanasayansi lilipotangaza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya hata ardhi, zilizorushwa kutoka CERN zilifika Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730, nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao nuru ingefika. Magazeti yaliandika kwamba Einstein ameangushwa na kwamba njia ya kurudi nyuma imepatikana. Waliofanya kazi ile walikuwa waangalifu zaidi ya magazeti, waliomba wenzao wasaidie kutafuta kosa, na mwaka uliofuata likapatikana: waya wa nuru haukuwa umekazwa sawasawa kwenye kifaa kilichounganishwa na saa.

Tukisubiri tramu mpwa wangu alitaka kujua gharama ya ile safari ya Vega. Tulichukua mwili wake peke yake, kilo 60, bila chombo, bila chakula, bila mafuta ya kufungia breki. Kuufikisha asilimia 99 ya kasi ya nuru kunahitaji jouli bilioni bilioni 33. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, likizalisha kwa nguvu zote usiku na mchana, lingezikusanya kwa miaka 490 hivi.

“Na tukipunguza mwendo, mjomba? Asilimia 90?” Bwawa lingefanya kazi miaka 105 hivi, tukahesabu, na angefika Vega akiwa ameongeza miaka 12 badala ya 3 na nusu, huku sisi tukiongeza karibu 28.